Mara Tatu kwa Kiti Kimoja

Asubuhi ya Jumatatu, 10 Januari 1966, wajumbe wapya wa Baraza la Wawakilishi la Georgia walikusanyika jijini Atlanta, kwenye jengo lenye kuba la dhahabu, wakainua mikono kula kiapo. Kijana mmoja mwembamba, zimebaki siku nne atimize miaka 26, aliambiwa na karani asubiri kwanza. Hakuwa ameiba kura. Fomu zake zilikuwa sawa, umri ulimruhusu, na makazi yake yalikuwa ndani ya eneo aliloombea kura. Sanduku lilikuwa limempa kura 2,320, mpinzani wake 487. Kosa la Julian Bond lilikuwa kupokea simu.

Kabla hatujaisikiliza simu hiyo, kuna neno moja la kuwekwa sawa. Mtanzania akisikia “jimbo” anafikiria eneo la mbunge: Ubungo, Mtera, Kigamboni. Lakini jimbo la Georgia ni kitu kingine kabisa, ni kama nchi ndogo ndani ya nchi, lina gavana wake, mahakama zake, na bunge lake lenye mabaraza mawili. Mkenya atafikiria bunge la kaunti na MCA wake, na hatakuwa mbali sana, ila bunge la Georgia lina meno makali zaidi. Linatunga sheria za jinai, linaweka adhabu ya kifo, na ndilo linalochora mipaka ya maeneo ya wabunge wanaokwenda Washington. Atakayeelewa upesi kuliko wote ni Mzanzibari, maana kwao pia kuna Baraza la Wawakilishi na mjumbe wake huitwa Mwakilishi. Basi Bond alikuwa Mwakilishi, na kiti chake kilikuwa cha Eneo la 136.

Kiti chenyewe kilikuwa kipya, rangi haijakauka. Kwa miongo mingi Baraza la Georgia lilikuwa na wajumbe 205 waliogawanywa kwa kaunti: kaunti 8 kubwa zilipewa viti vitatu kila moja, 30 zilizofuata viti viwili, na 121 zilizobaki kiti kimoja kimoja. Ukitazama haraka unaona haki. Ukihesabu vichwa unaona mchezo. Kaunti ya Fulton, yenye sehemu kubwa ya jiji la Atlanta, ilikuwa na watu zaidi ya nusu milioni mwaka 1960, na viti vyake vilikuwa vitatu. Kaunti ya Echols, kule mpakani mwa Florida, haikufikisha watu elfu mbili, nayo ilikuwa na kiti chake. Kwa hesabu hiyo mkulima mmoja wa Echols alikuwa na sauti kubwa kuliko mtaa mzima wa Atlanta, na mtaa huo aghalabu ulikuwa wa watu Weusi.

Mahakama ya Juu ya Marekani ndiyo iliyovunja mpango huo, kwa mfululizo wa hukumu kati ya 1962 na 1964, ikisema kila kura lazima iwe na uzito sawa na nyingine. Georgia ililazimika kuchora ramani upya na kuitisha uchaguzi maalumu Juni 1965. Katika uchaguzi huo watu Weusi wanane walishinda viti vya Baraza, ambalo halikuwa limeona mjumbe Mweusi tangu 1907. Upande wa Seneti ya jimbo, Leroy Johnson alikuwa amekwisha kuchaguliwa mwaka 1962. Kwa hiyo, ukitaka kujua nani alimzaa Mwakilishi Bond, usianze na mama yake. Anza na mchora ramani.

Hata hivyo alikuwa na wazazi, na wazazi wenyewe si wa kupita haraka. Alizaliwa Nashville, Tennessee, 14 Januari 1940. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa msomi na baadaye rais wa Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania, chuo alichosoma Kwame Nkrumah na alichopitia Nnamdi Azikiwe. Mzee Bond alisafiri Afrika mara nyingi tangu 1949. Nyumbani kwake wageni walikuwa watu ambao wengine tuliwasoma vitabuni. Kuna kisa cha wasomi W. E. B. Du Bois na E. Franklin Frazier kufanya tambiko la utani mbele ya Julian akiwa mtoto mdogo, kumweka wakfu kwa maisha ya elimu. Tambiko halikushika, angalau si mara moja. Mwaka 1961 Julian aliacha masomo katika chuo cha Morehouse, Atlanta, bila shahada, akajiunga moja kwa moja na harakati. (Shahada aliirudia, akaipata 1971, wakati huo tayari ni Mwakilishi.)

Harakati zenyewe zilikuwa za SNCC, kamati ya wanafunzi waliopigania haki za raia bila kutumia ghasia. Wenyewe waliitamka “Snik”. Wengine ndani ya SNCC walikuwa watu wa barabarani: walisimama mbele ya mbwa wa polisi, walilala jela, walivunjwa mifupa. Bond alikuwa mtu wa mezani. Kazi yake ilikuwa mawasiliano: kuandika taarifa, kuyapigia simu magazeti, kuhakikisha kijana akikamatwa usiku mjini fulani Mississippi, asubuhi New York wamejua. Alikuwa na sauti tulivu na ulimi wenye dhihaka ya chini chini, na alijua jinsi ya kuongea na mwandishi wa habari. Kumbuka hilo, kwa sababu simu ndiyo iliyomtia matatani.

Afrika Mashariki iliwahi kupita mlangoni mwa vijana hao. Desemba 1963, siku chache baada ya Kenya kupata uhuru, Jaramogi Oginga Odinga, waziri katika serikali mpya, alifika Atlanta. Vijana wa SNCC walikwenda hotelini kumwona. Walipotoka waliingia katika mkahawa wa Toddle House, wakanyimwa huduma kwa rangi yao, wakakaa palepale, wakakamatwa. Waziri wa nchi iliyotoka ukoloni juzi alikuwa mgeni wa heshima mjini, na wenyeji wake hawakuweza kunywa kahawa mtaa wa pili. Kisa kile kilizaa wimbo wenye jina la Odinga, ukawa unaimbwa na waimbaji wa SNCC. Mwaka uliofuata baadhi yao, Bond akiwemo, walisafiri hadi Guinea ya Sékou Touré, wakaona kwa mara ya kwanza nchi ambayo rubani, polisi na waziri wote ni weusi.

Alipochukua fomu mwaka 1965, wapo wenzake waliomwona anapotea njia. Harakati ni harakati, siasa ni uchafu. Alikwenda hata hivyo, na alifanya kampeni kama mtu wa harakati: nyumba kwa nyumba katika mitaa ya magharibi mwa Atlanta, Vine City na jirani zake, mahali pa nyumba za mbao zilizolegea na barabara zisizopitika mvua ikinyesha. Aliwauliza watu wanataka Mwakilishi afanye nini. Swali hilo lilikuwa geni. Wengi hawakuwahi kuulizwa na mgombea yeyote, kwa sababu hakukuwahi kuwa na mgombea aliyehitaji kura zao. Wakamjibu mambo ya tumbo na mfuko, naye akaahidi kudai kima cha chini cha mshahara cha dola 2 kwa saa na kufutwa kwa adhabu ya kifo. Eneo la 136 lilikuwa na wapiga kura wapatao 6,500, karibu 6,000 kati yao Weusi. Mpinzani wake wa mwisho, naye Mweusi, alikuwa mlezi wa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Atlanta. Matokeo umeshayasoma.

Sasa simu.

Tarehe 3 Januari 1966, huko Tuskegee, Alabama, mwanafunzi aitwaye Sammy Younge Jr. alipigwa risasi na kuuawa kwenye kituo cha mafuta, baada ya kubishana kuhusu kutumia choo cha Wazungu. Younge alikuwa na miaka 21, na alikuwa ametumikia jeshi la majini la Marekani. Siku tatu baadaye SNCC ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam. Lilisema kifo cha Younge hakitofautiani na vifo vya wakulima wa Vietnam, kwamba serikali inayodai kupigania uhuru ng’ambo imeshindwa kuulinda nyumbani, na kwamba SNCC inawaunga mkono wanaokataa kuandikishwa jeshini. Bond hakuliandika tamko hilo. Mwandishi wa redio alimpigia simu, akamuuliza kama analikubali. Angeweza kusema hajalisoma vizuri, au arudiwe kesho. Alisema ndiyo. Akaongeza kwamba anaustahi ujasiri wa wanaochoma kadi zao za kuandikishwa jeshini, ingawa yake mwenyewe hajaichoma wala hatoichoma.

Tukumbuke mwaka. Martin Luther King mwenyewe hakuwa ametoa hotuba yake kubwa ya kuipinga Vietnam. Hiyo ilikuja Aprili 1967. Muhammad Ali alikuwa bado hajakataa kuandikishwa. Mtu Mweusi, kijana, kusini mwa Marekani, kusema maneno yale mwanzoni mwa 1966 kulikuwa kama kuingia msikitini na viatu.

Wawakilishi 75, mmoja wao akiwa James Floyd, ambaye jina lake ndilo lililobaki kwenye kesi, waliwasilisha pingamizi. Walisema mtu mwenye maneno hayo hawezi kuapa kwa dhati kuitii katiba ya Marekani na ya Georgia. Mchana ule wa 10 Januari kamati ilikaa, ukanda wa mahojiano ya redio ukachezwa mbele yake, na Bond akahojiwa. Alikataa kuyafuta maneno yake. Wapo waliokuwa wamemshauri aombe radhi kidogo tu, mambo yapite, aje atumikie watu wake. Ushauri huo si wa kubezwa, na mwanasiasa mzoefu angeufuata. Jioni Baraza lilipiga kura: 184 wakataka asiapishwe, 12 wakamtetea.

Waliojua historia walikumbuka 1868. Miaka michache baada ya utumwa kufutwa, Bunge hilohilo la Georgia liliwafukuza wajumbe wake Weusi, zaidi ya ishirini, kwa hoja kwamba sheria iliwaruhusu kupiga kura lakini haikusema wanaweza kushika nafasi. Mchungaji Henry McNeal Turner alisimama akawahutubia waliomfukuza, akawaambia hataomba haki yake kwao kwa magoti. Baada ya miaka karibu mia, sababu ilibadilika kutoka rangi kwenda maneno. Nani alidanganyika?

Kesi ilipelekwa mahakama ya shirikisho, na hapa kuna jambo dogo lenye uzito. Mmoja wa walalamikaji walioungana na Bond alikuwa Dkt. King. Hakuwa hapo kama kiongozi wa taifa. Alikuwa hapo kama mkazi. Nyumba yake ilikuwa Vine City, ndani ya Eneo la 136, na Bond alikuwa Mwakilishi wake, kwa maana ileile ambayo wewe na mimi tuna diwani wetu. Alidai kwamba Baraza limemnyang’anya yeye, mpiga kura, mtu aliyemchagua. Naona hiyo ndiyo hoja bora kuliko zote zilizotolewa katika kesi ile, ingawa magazeti yaliandika zaidi kuhusu uhuru wa Bond kusema. Kiti si mali ya anayekikalia. Kikiachwa kitupu kwa amri ya wajumbe wa kaunti nyingine, wanaonyamazishwa ni watu elfu kadhaa wa mitaa fulani yenye majina.

Majaji watatu walisikiliza. Wawili dhidi ya mmoja walikubaliana na Baraza. Bond akakata rufaa. Wakati rufaa inasubiri, gavana alitangaza uchaguzi mdogo kujaza kiti “kilicho wazi”. Mgombea akawa nani? Bond. Februari 1966 akashinda tena kwa kishindo. Kamati ya Kanuni ya Baraza ikamwita, ikamuuliza kama sasa yuko tayari kuyafuta maneno yake. Akasema hapana. Kiti kikabaki kitupu. Septemba mwaka huohuo akashinda kura za mchujo za chama cha Demokratiki, na Novemba 8 akashinda uchaguzi mkuu. Ndani ya miezi kumi na saba watu wa Eneo la 136 walikuwa wamempeleka mtu yuleyule mara tatu, na mara zote walimpeleka kwa wingi wa kura usio na ubishi. Ukiwauliza wanasiasa wetu ni nini kinachochosha wapiga kura, watakwambia ni uchaguzi wa marudio. Vine City haikuchoka.

Tarehe 5 Desemba 1966, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji wote tisa upande mmoja, hukumu ikiandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren. Georgia ilikuwa imejitetea kwamba mtunga sheria apimwe kwa kipimo kikali kuliko raia wa kawaida. Warren aliigeuza hoja hiyo juu chini: mwakilishi wa watu anahitaji nafasi pana zaidi ya kusema, maana wapiga kura watamjuaje asiposema? Kiapo cha kutii katiba si rungu la wajumbe wengi kumpigia mwenzao wasiyempenda. Mmoja wa mawakili waliompeleka hadi hapo, Howard Moore Jr., alikuwa shemeji yake. Mambo ya familia hayakosekani.

Aliapishwa 9 Januari 1967. Siku ya pili yake, Bunge lile lile lilifanya kazi ambayo ingemchekesha mtu kama si uchungu wake. Uchaguzi wa ugavana wa Novemba haukumpa mgombea yeyote zaidi ya nusu ya kura, na katiba ya Georgia iliwapa wabunge kazi ya kuchagua. Walimchagua Lester Maddox, mwenye mkahawa aliyepata umaarufu kwa kuwafukuza wateja Weusi kwa bastola, na aliyeufunga mkahawa wake kuliko kuwahudumia. Mtu aliyesema hapendi vita alihitaji chaguzi tatu na Mahakama ya Juu ili akae. Mtu aliyeshika bastola mlangoni alihitaji kura moja ya wabunge.

Chaguzi zile tatu zilimfanya Bond kuwa maarufu kuliko kiti chake. Mwaka 1967, katika harakati zile zile za kupinga vita, aliandika kitabu cha katuni kuhusu Vietnam, kilichochorwa na T. G. Lewis, kwa lugha nyepesi ya mtu anayeeleza jirani yake. Mwaka 1968 alikwenda Chicago, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Demokratiki, akiwa miongoni mwa viongozi wa ujumbe wa pili wa Georgia ulioupinga ujumbe wa Maddox. Ukumbi ukaamua kugawa kura za Georgia nusu kwa nusu. Kisha wajumbe wa Wisconsin wakalitaja jina lake kwa umakamu wa rais. Alikuwa na miaka 28, katiba inataka 35. Alisimama akajitoa, na nchi nzima ikamwona kwenye televisheni, kijana mtanashati mwenye tabasamu la kejeli, akieleza kwamba hajatimiza umri. Hakuna kampeni ya pesa ambayo ingeweza kumnunulia dakika zile.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, na kazi ya mtunga sheria wa jimbo ni ya kuchosha kuisimulia. Bunge la Georgia hukaa siku chache kwa mwaka, kuanzia Januari. Mshahara ni mdogo, wajumbe wana kazi nyingine. Miswada ni ya barabara, leseni, bima, mipaka ya mji, mishahara ya masherifu wa kaunti. Bond alikaa kwenye Baraza hadi 1974, kisha akahamia Seneti ya jimbo mwaka 1975, akabaki huko hadi mwanzo wa 1987. Katika Seneti aliongoza wajumbe wa Kaunti ya Fulton. Wasifu wake unataja miswada zaidi ya sitini aliyoiwasilisha au kuiunga mkono ikawa sheria. Wakosoaji wake walikuwa na hesabu tofauti. Walisema yuko kwenye ndege kuliko kwenye kamati, leo anahutubia chuo kimoja, kesho kingine, na Aprili 1977 alionekana New York akiongoza kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live. Nadhani pande zote mbili zilikuwa na haki. Alilazimika kuishi kwa mihadhara, maana posho ya mjumbe isingemlisha mke na watoto watano. Na mihadhara ilimpeleka mbali na Vine City.

Lakini kuna kazi moja aliyoifanya akiwa Seneta ambayo haikuwa ndogo, na ilikuwa ya ramani. Baada ya sensa ya 1980 Georgia ilipaswa kuchora upya maeneo kumi ya kupeleka wabunge Washington. Atlanta ilikuwa na watu Weusi wengi, ila Eneo la Tano, lililoihusu, lilikuwa na mbunge Mzungu, Wyche Fowler. Bond alipeleka mswada wa kuliunda upya liwe na watu Weusi asilimia 69. Akaungana hata na baadhi ya Warepublikani wa Seneti, ambao walikuwa na hesabu zao za vitongoji, na Seneti ikapitisha. Baraza likakataa. Mwenyekiti wa kamati ya Baraza iliyoshughulika na mipaka, Joe Mack Wilson, alisema maneno kuhusu watu Weusi ambayo sitayaandika hapa. Ramani iliyopitishwa ilikuwa na asilimia 57 ya wakazi Weusi katika Eneo la Tano, lakini ukihesabu walioandikishwa kupiga kura, hawakufika nusu.

Chini ya Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965, Georgia haikuweza kutumia ramani hiyo bila idhini ya Washington. Wizara ya Sheria ikakataa. Georgia ikaenda mahakamani, na mwaka 1982 ikashindwa. Majaji walisema ramani ilichorwa kwa nia ya ubaguzi, na kuhusu Wilson waliandika bila kumung’unya maneno kwamba ni mbaguzi. Agosti mwaka huo Bunge liliitwa kikao maalumu, likachora Eneo la Tano lenye asilimia 65. Mtu mmoja kati ya wote waliohusika alikuwa amelipigania eneo hilo tangu mstari wa kwanza. Kila mtu Atlanta alijua linamngoja yeye.

Fowler aliendelea kulishinda hata hivyo, mwaka 1982 na 1984. Mwaka 1986 aliliacha kugombea Seneti ya Marekani. Bond akaacha kutetea kiti chake cha Seneti ya jimbo, akachukua fomu. Na mwenzake wa zamani, John Lewis, akachukua pia.

Wawili hawa walikuwa ndugu wa SNCC. Lewis alikuwa mwenyekiti wakati Bond ni msemaji. Miaka ya 1970 walizunguka Kusini pamoja kuandikisha wapiga kura, gari moja, hoteli moja. Lakini Lewis alikuwa mtoto wa wakulima wa pamba wa Alabama, mfupi, mwenye kigugumizi cha maneno mazito ya kijijini. Na kichwa chake kilikuwa kimepasuliwa kwa virungu vya polisi wakati wa maandamano kwenye daraja la Selma, 7 Machi 1965. Bond alikuwa mtoto wa profesa. Mmoja alilipia harakati kwa mwili, mwingine kwa kalamu, na kila mpiga kura mwenye umri wa kukumbuka alijua nani ni nani. Lewis aliamka alfajiri, akawapa mikono wafanyakazi kwenye vituo vya basi. Aliwaambia watu wachague farasi wa kazi, wasichague farasi wa maonyesho.

Raundi ya kwanza ya mchujo, Agosti, Bond aliongoza kwa asilimia 47, Lewis 35. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, wakaenda duru ya pili. Hapo pakaharibika. Katika mdahalo, Lewis alimtaka Bond waende wote wapimwe mkojo kama hawatumii dawa za kulevya. Bond alikataa, akaona ni tusi na ni siasa za kihuni. Hakuna kilichothibitishwa dhidi yake, lakini swali likishatupwa hewani kwenye televisheni haliokotwi. Tarehe 2 Septemba kura zilihesabiwa usiku hadi mbali: Lewis 52, Bond 48.

Mitaa ya Weusi ilimpa Bond kura nyingi zaidi. Wazungu, wale wachache waliobaki ndani ya Eneo la Tano baada ya mistari yote kuchorwa, walimpa Lewis kwa wingi mkubwa kiasi cha kuamua. Bond alikuwa amepigana eneo liwe na asilimia 69, akapewa 65. Sijui kama kuna mwanasiasa mwingine aliyeshindwa na pointi chache za ramani yake mwenyewe.

Lewis alikaa kwenye kiti hicho hadi kifo chake, 17 Julai 2020. Kati ya marafiki wale wawili pakaingia baridi ya miaka. Bond hakugombea tena kiti cha kuchaguliwa na wananchi. Alifundisha vyuoni, akaiongoza bodi ya NAACP, chama cha kutetea haki za watu Weusi, kuanzia 1998 hadi 2010, akafariki Agosti 2015.

Ila Januari 1987, wiki chache tu baada ya Lewis kuapishwa Washington, televisheni ya umma ya Marekani ilianza kurusha mfululizo wa historia ya harakati, Eyes on the Prize. Mtengenezaji alitaka msimulizi mwenye sauti tulivu isiyotetemeka, akamchagua Bond. Sehemu ya sita ilikuwa ya Selma. Nchi nzima ikakaa sebuleni kutazama picha za rangi nyeusi na nyeupe: daraja, polisi wa farasi, moshi, na kijana mfupi aliyevaa koti jepesi, begi mgongoni, akitembea mstari wa mbele kuelekea kwenye virungu. Aliyekuwa akiwaeleza watazamaji yule kijana ni nani na kilichompata ni nini alikuwa mtu aliyeshindwa naye karibu miezi sita iliyopita, na hakuna hata neno moja ambalo sauti yake ilisita.